Picha kwa Hisani ya Nani?

Shangazi yangu wa Tanga hutuma ujumbe wake baada ya swala ya alfajiri. Asubuhi moja, mwaka juzi, alinitumia maneno marefu kuhusu tabia yetu ya kuchanga kidogo mtu akiwa hospitalini na kuchanga sana akishakufa. Chini yake aliongeza: "Soma mwanangu, huyu mtu ana busara." Nikasoma. Kufika aya ya pili nikaanza kuhisi namjua mwandishi. Aya ya tatu ilikuwa na kosa la kuchapa ninalolikumbuka vizuri, maana nililifanya mimi. Ilikuwa makala yangu, tena nzima, kasoro jina. Pale pa jina walikuwa wameweka profesa mmoja marehemu, na mwishoni mikono mitatu ya dua pamoja na agizo la kuwatumia watu kumi kabla jua halijazama.

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Yale maneno ya asubuhi niliyaandika mimi."

Kimya kidogo. "Wewe?"

"Mimi."

"Mbona hapa wameandika ni ya profesa?"

Nikaeleza. Akanisikiliza kwa upole anaopewa mtoto anayedai kaona simba chooni, kisha akauliza: "Sasa wewe si uliandika ili watu wasome? Wamesoma. Unadai nini tena?"

Nimewahi kukaa kwenye semina mbili tatu za hakimiliki, zenye posho na zisizo na posho, na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Sikuwa na jibu siku ile. Nilisema tu "haya shangazi," nikakata simu nikiwa nimeshindwa.

Wahariri wetu, walio na elimu kuliko shangazi, wao wana jibu lao, na limechapwa mara nyingi kiasi kwamba hatulioni tena: "Picha kwa hisani ya mtandao." Liko magazetini, kwenye tovuti za habari, hata kwenye mabango ya makongamano. Hebu litazame neno hisani. Hisani ni wema anaokutendea mtu kwa hiari yake, akijua anakutendea. Mtandao hauna hiari. Haukuamka saa kumi usiku kwenda ufukweni Pangani kusubiri mwanga upande nyuma ya ngalawa, haukukopa pesa ya lenzi, haukusimama juani kutwa kwenye maandamano. Aliyefanya hayo ni mtu, ana jina, na ile "hisani" hakuitoa. Kwa hiyo maneno yale matano yanakiri kwamba picha si yetu, halafu papo hapo yanamshukuru asiyehusika. Ni sawa na kumchukulia mtu baiskeli yake barazani, kisha kumshukuru baraza.

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba mwenyewe aliiweka hadharani. Ni kweli. Na nguo iliyoanikwa uani kila apitaye huiona, lakini hatujasikia mtu akijitetea kwa mjumbe kwamba aliivaa kwa sababu ilikuwa kwenye kamba.

Kisheria jambo hili halina utata mwingi kama watu wanavyodhani. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, unasema kazi inalindwa tangu inapozaliwa, bila kusajiliwa na bila kuwekewa alama yoyote. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na COSOZA yake. Kenya ina sheria ya 2001. Zote zinaacha milango kadhaa wazi. Unaweza kunukuu, kukosoa, kuripoti habari, kufundishia, kwa kiasi kinachokubalika na kwa kutaja chanzo. Ukibandika mistari mitatu ya makala yangu na kusema nimekosea, huhitaji ruhusa yangu, na ningekushangaa ungeiomba. Ukibandika makala nzima kwenye ukurasa wako wenye matangazo, hapo umeshatoka kwenye kunukuu siku nyingi.

Kutaja jina peke yake hakugeuki kuwa ruhusa. Hili huwauma watu, kwa sababu wengi wetu tukishaandika jina la mwenyewe kwenye kona huona tumemaliza deni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililipitia jambo hilo mwaka 2018, katika kesi iliyoanzia kwenye shule moja ya mji wa Waltrop, Ujerumani. Mwanafunzi wa somo la Kihispania aliandaa kazi ya darasani, akaweka picha ya mji wa Córdoba aliyoipata kwenye tovuti ya safari. Tena chini ya picha akaitaja tovuti ile. Shule ikafurahi, ikaipandisha kazi yake kwenye tovuti ya shule. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, akashtaki: ruhusa niliwapa wale wa safari, ninyi sikuwapa. Alidai euro 400 za fidia, na kwa hizo 400 kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa. Mahakama ikamkubalia hoja yake. Mwenye picha alikuwa amewafikiria wasomaji wa tovuti ile tu, ikasema. Ukiinakili na kuiweka kwako unaipeleka kwa umma mpya, na umma huo unahitaji ruhusa yake. Pia akiiondoa kule alikoiweka, ya kwako inabaki. Umemnyang'anya uwezo wa kubadili mawazo.

Miaka minne kabla yake, mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kwamba kuweka linki ya makala iliyo wazi kwa kila mtu si kosa, maana linki haihamishi kitu. Inaonyesha tu njia. Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Kisutu, Dar es Salaam, wala wa Milimani, Nairobi, lakini mantiki yake ingeeleweka kijiweni kwetu. Kumwelekeza mgeni nyumba ya mama ntilie ni kumletea mteja. Kuhamisha sufuria lake la pilau hadi kibarazani kwako, hata ukiandika kwa chaki "pilau la mama fulani", ni jambo jingine.

Basi ingetosha kusema, jamani, tumeni linki. Tatizo ni bando.

Wanaotuhubiria kutoka nchi zenye intaneti isiyokatika hawalioni hili. Bando la wengi wetu ni la WhatsApp, au la siku moja, au limebaki megabaiti thelathini na mwezi uko tarehe ishirini na mbili. Mtu akibonyeza linki inamtoa nje, inampeleka kwenye tovuti yenye video zinazojicheza zenyewe na matangazo ya kubashiri mechi, na bando linakwisha kabla hajafika aya ya kwanza. Skrinishoti haimgharimu kitu kama hicho. Maneno yaliyonakiliwa hayamgharimu kabisa. Shangazi hafungui linki, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha asifungue linki asizozijua, baada ya jirani yake kutapeliwa. Kwa hiyo maandishi yanayosafiri kwetu ni yale yaliyong'olewa kutoka yalikotoka, na mtu mwema kabisa, asiye na nia ya kuiba hata punje, ndiye anayeyasafirisha. Yeyote anayezungumzia hakimiliki Afrika Mashariki bila kutaja bei ya data anazungumzia nchi nyingine.

Ila bando halikati jina. Mstari mmoja wenye jina la mwandishi na mahali alipoandika unabeba herufi hamsini, na kuna mtu mahali fulani aliamua kuufuta. Hakuufuta kwa kuokoa data.

Huyo mfutaji washairi wetu walimjua kabla ya umeme. Mshairi wa zamani alilitia jina lake ndani ya beti la mwisho, likabanwa kwa vina na mizani, asiye fundi ashindwe kulichomoa bila kubomoa ukuta. Magazetini walifika hatua ya kumalizia na lakabu, mji, na sanduku la posta. Walijua kwamba shairi likiondoka nyumbani litaimbwa harusini na watu wasiomjua mtunzi, na hilo hawakulikataa, ndiyo sifa yenyewe; walichotaka ni kwenda nalo. Siku hizi naona mashairi kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa na beti sita na kituo kinachoning'inia. Ukihisi shairi limekatika kama hadithi iliyoingiliwa na mgeni, jua beti la saba lilikuwa na jina la mtu.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Tazama pindo la kanga za zamani za Mombasa, utakuta pameandikwa K.H.E. – Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla. Mamilioni ya wanawake wamejifunga jina la Abdulla kiunoni bila kumjua Abdulla, wameolewa nalo, wamezaa nalo, na hakuna aliyeona kero. Leo mpiga picha kijana akiweka jina lake kwa herufi ndogo kwenye kona ya picha anaambiwa anaharibu picha, na kuna programu za kulifuta kwa kidole. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Asiyejua picha ni ya nani namwelewa. Aliyeona jina, akachukua dakika mbili kulifuta, kisha akaandika "kwa hisani ya mtandao", huyo anajua anachofanya.

Na usidhani ni tabia ya kurasa za umbea tu. Januari 12, 2010, tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti aliyekuwa mjini humo, aliingia mitaani na kamera. Jioni ileile akazipandisha picha zake TwitPic, tovuti ya kuwekea picha za Twitter. Mtu mmoja wa Jamhuri ya Dominika akazichukua na kuzitangaza kuwa zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwa huyo, likazisambaza duniani na kuzipeleka kwa Getty, wakala wa picha, zikauzwe, zikiwa na jina la yule wa pili. Dunia ikaiona Haiti kwa macho ya Morel na kumsifu mtu mwingine. Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia mahakamani, ikiomba itamkwe kwamba haikufanya kosa: masharti ya Twitter, ilidai, yanawaruhusu watu kusambaza. Jaji wa New York akasema masharti yale hayakuipa AFP leseni yoyote, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamuru AFP na Getty wamlipe dola milioni 1.2.

Kesi hiyo huwa naitumia kwa sababu mbili. Kwanza, aliyekosea ana wahariri, ana wanasheria, ana kanuni za kazi zilizoandikwa. Pili, tazama mnyororo ulivyo. Kila aliyepokea alipokea kutoka kwa mtu aliyeonekana mwenye mali, na kila mmoja aliacha kuuliza swali moja tu kwa sababu habari ilikuwa moto. Ni "kama nilivyoipokea" ileile ya kundi la ukoo.

Lakini nani wa kwetu atasubiri karibu miaka minne mahakamani? Mpiga picha wa harusi anayekuta picha yake kwenye tangazo la saluni hana pesa ya wakili. Kenya ilijaribu kufupisha njia kwa marekebisho ya 2019: unampa mtoa huduma wa intaneti notisi, naye anatakiwa kuzuia maudhui ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa mhusika apinge. Dawa nzuri, ingawa yenye madhara yake. Notisi kama hizo hutumiwa pia na wasiopenda kukosolewa: umechukua sekunde ishirini za hotuba yangu kuonyesha nilivyojipinga, basi nakushtaki kwa kunakili video yangu. Hapo nasimama na mnakili. Kiongozi akiandika jambo saa mbili usiku na kulifuta saa tatu, aliyepiga skrinishoti ameweka kumbukumbu ya umma, na ruhusa ya mwenyewe haihusiki. Siitaki sheria ambayo ingenilinda mimi dhidi ya kundi la shangazi na wakati huohuo kumlinda waziri dhidi ya maneno yake.

Mpaka hapa nimesema kama vile picha ina mwenyewe mmoja, aliyeshika kamera. Kuna wa pili, aliyesimama mbele yake, na huyo hakimiliki haimjui kabisa. Mpiga picha anaweza kukupa ruhusa kwa maandishi na muhuri, na bado ukawa umemkosea mtu. Kenya wameanza kulifanyia kazi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga faini shule moja shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kubandika picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kumrusha mteja mitandaoni akiwa kwenye raha zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake. Shule zetu, ambazo kila Juni na Desemba hufurika picha za watoto wakiwa na vyeti, majina na darasa, zingefanya vizuri kuisoma kabla haijawasoma wao.

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na waliokufa wakapita 100. Mchana ule simu yangu ilikuwa na picha kutoka makundi manne. Mimi, ninayeandika haya, nilimtumia mwenzangu wa kazi moja kati ya hizo, na neno moja chini yake: "Umeona?" Sikuwa na sababu ya kihabari. Alikuwa ameshaona. Usiku nilipolala ndipo nilipofikiria kwamba ndugu humtambua mtu wao kwa kiatu, kwa mkanda, kwa namna alivyozoea kukunja mkono wa shati, na kwamba picha niliyoisukuma ingeweza kufika Kihonda au Mzumbe kabla ya mtu wa kuhani hajafika. Niliifuta kwangu. Kwa mwenzangu haikufutika, na sikumwomba aifute kwa sababu niliona aibu. Hakuna aliyenidai ruhusa siku ile, na waliokuwa na haki ya kudai hawakuwa na kinywa.

Narudi kwa swali la shangazi, maana jibu nilikuja kulipata, wiki kadhaa baadaye, niliposoma tena ujumbe ule kwa utulivu. Kumbe haukuwa mzima kama nilivyodhani. Katikati, kati ya aya yangu ya tano na ya sita, kulikuwa na sentensi mbili nisizozijua, zinazosema kwamba wanaolazimisha mazishi ya gharama ni wajane, wakitafuta kuonekana. Mimi sikuliandika hilo na sitaliandika. Nimewaona wajane wakipangiwa maturubai na mashemeji bila kuulizwa. Na profesa marehemu naye nina hakika hakuliandika. Mtu fulani alikuwa na chuki yake, akaona basi linapita lina nafasi, akaipandisha. Maelfu wakaisoma, na mjane aliyekasirika hakuwa na wa kumjibu, kwa sababu mwandishi aliyetajwa yuko kaburini na mwandishi halisi hatajwi.

Mkataba wa Berne una kifungu kwa ajili ya hilo pia, kinachompa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa hata kama ameshaiuza. Ila sikumwambia shangazi habari za Berne. Nilimpigia nikamsomea zile sentensi mbili. Yeye ni mjane tangu 2006.

"Hayo umeandika wewe?"

"Sikuandika."

"Nilishangaa," akasema. "Nikasema profesa mzima." Kisha: "Sasa ningemsemea nani?"

Tangu siku hiyo ameanza kuweka majina. Kila anachonitumia kina mstari chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba kimeandikwa na mtoto wa kaka yake aliyeko Dar. Wiki iliyopita nimeandika tafsiri ya ndoto ya kuona nyoka mweupe, historia ya ukoo wa Washambaa, na namna ya kushusha presha kwa maji ya majani ya mpera. Watu wawili wa Korogwe wameshanipigia kuulizia kipimo.